Nasaba ya Muhogo wa Kaleso

Msomaji, ukishuka kivukoni Likoni wakati wa magharibi, watu wanaporudi makwao kutoka kisiwani, utaona karai la mafuta juu ya moto, na ndani yake vipande vya muhogo vinageuka rangi. Muuzaji huvitoa, huvipasua kati, huvitia chumvi na pilipili ya unga, hukamulia ndimu, kisha hukufungia katika karatasi. Ukila muhogo ule huulizi wazazi wake. Watu huuliza nasaba ya bwana harusi, huuliza nasaba ya ng'ombe wa maziwa, na wafugao njiwa huuliza hata nasaba ya njiwa. Lakini muhogo hauulizwi. Leo nakuomba tuuulize. Katika mashamba ya upande wa bara wa Mombasa, tangu Likoni mpaka Kisauni na ng'ambo ya mto wa Mtwapa, umepata kupandwa muhogo mmoja uitwao Kaleso, na nasaba ya muhogo huo ni ndefu na ya ajabu kuliko za masultani wengi.

Kwanza yafaa ujue kuwa muhogo ni mgeni kwetu, ingawa umekaa hata ukasahau kwao. Kwao ni Amerika ya Kusini, ambako wenyeji wa Brazil na nchi jirani waliulima kwa maelfu ya miaka kabla ya Mreno yeyote kutia nanga huko. Wareno waliuchukua katika karne ya 16 wakauleta pwani ya magharibi ya Afrika. Kwetu ulifika kwa njia ya bahari. Mreno mwenyewe alikuwa akija na kwenda, na Ngome yake aliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593 ingalipo. Tena katika karne ya 18 gavana mmoja Mfaransa, Mahé de La Bourdonnais, aliuingiza katika visiwa vya Mauritius na Bourbon, ambacho ndicho Réunion ya leo, na visiwa hivyo vilifanya biashara na Kilwa na Unguja. Mpwani hakuona taabu kuukaribisha mmea huu. Hautaki ardhi ya mbolea, huvumilia kiangazi, na nzige wakipita juu wakala kila jani, chakula kiko chini hakijaguswa. Nafaka hutaka ghala. Muhogo ghala yake ni ardhi yenyewe. Majani yake nayo ni kisamvu, mboga isiyo na haja ya kusifiwa mbele ya mtu wa pwani. Ndiyo sababu serikali za kikoloni za Kenya na Tanganyika ziliwahimiza watu, na mara nyingine ziliwalazimisha, kupanda muhogo uwe akiba ya siku ya njaa.

Sasa tufike penye kiini. Muhogo una njia mbili za kuzaliwa, na mtu asipozitenga njia hizi hataifahamu hadithi iliyobaki. Njia ya kwanza ni ile aijuayo kila mkulima wa Kisauni: kukata shina katika vipande vya urefu wa shubiri moja au zaidi kidogo, kila kipande na macho yake, na kukifukia ardhini. Kipande hicho kitaota, na mmea utakaotoka ni ule ule wa zamani, si mtoto wake. Kama mama alikuwa mtamu, huu ni mtamu. Kama mama alikuwa mchungu wenye sumu, huu nao vivyo hivyo. Mtu akikata shina alilopewa na babu yake, anashika mkononi mmea ule ule alioushika babu. Wakulima huuita ukataji huu mbegu, lakini kwa kweli hapana mbegu ndani yake.

Mbegu ya kweli iko juu, penye ua. Muhogo huchanua maua madogo ya kike na ya kiume katika kishada kimoja. Ya kike hutangulia kufunguka na ya kiume hufuata. Ua la kike likipata chavua, yaani ule unga wa ua la kiume, huzaa tunda dogo lenye vyumba vitatu na mbegu tatu, na tunda likikauka hupasuka kwa kishindo na kuzirusha mbegu mbali. Mbegu hizo tatu, ingawa zimelala chumba kwa chumba katika tunda moja, hazifanani. Moja yaweza kuzaa mmea mtamu, ya pili mmea mchungu, ya tatu kijiti kisicho na mizizi ya maana. Kwa hiyo mkulima hana haja nazo. Hata hivyo, mara kwa mara mche huota wenyewe kando ya shamba kutokana na mbegu iliyoruka. Mwenye shamba akauona una nguvu, akauacha, akaonja mizizi yake, na kama ilimpendeza akakata shina na kuwapa majirani. Aina nyingi za muhogo zenye majina ya kienyeji zilipatikana hivyo. Wakulima, basi, walikuwa wazalishaji wa mimea kabla ya mtaalamu yeyote kuja na daftari lake.

Shina hutunza na mbegu hubadilisha. Lakini shina lina hila moja: hutunza kila kitu, wema na ubaya pamoja. Mmea ukiwa mgonjwa, kipande chake kitaota mgonjwa, na mtu akimpa ndugu yake fungu la mashina, humpa na maradhi humo humo, bila yeye kujua na bila kinyongo.

Maradhi yenyewe yalionekana mapema. Mwaka 1894 mtaalamu Mjerumani, Otto Warburg, aliandika habari za muhogo katika nchi ya Usambara uliokuwa na majani yaliyojikunja. Jani la mmea wa namna hiyo huwa na mabaka ya kijani kibichi na ya manjano, hupinda upande mmoja, hudumaa. Na mizizi chini hubaki myembamba. Sisi twauita ugonjwa huu batobato, kwa yale mabaka yake. Ulikuwa mdogo zamani hizo, lakini katika miaka ya 1920 na 1930 ulienea katika Afrika ya Mashariki hata watu wakapata mashamba ya majani bila chakula. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo kwa mtu aliyeambiwa muhogo ndiyo akiba yake. Mahindi yamekauka, naye anakwenda na jembe shambani kufungua ghala yake ya ardhi, anakuta mizizi minene kama kidole.

Dawa ya shida hii ilianza kutafutwa mahali ambapo si mbali na sisi. Ukivuka Likoni ukashika njia ya kusini, ukapita Kwale na Lunga Lunga, ukaingia Tanga na kupanda milima ya Usambara ya Mashariki, utafika Amani. Wajerumani walijenga hapo kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, wakakusanya miti ya kila nchi ya joto. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 kituo kiliangukia mikononi mwa Waingereza, nao wakakifufua mwishoni mwa miaka ya 1920 kiwe cha nchi zote za Afrika ya Mashariki. Miongoni mwa waliokuja alikuwa Harold Storey, ambaye alikuwa amekwisha pata sifa huko Afrika ya Kusini kwa kuonyesha kwamba ugonjwa wa mistari ya mahindi huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye. Storey na mwenzake Nichols walichunguza batobato, na katika maandishi yao ya 1938 walieleza kuwa inzi weupe, wadudu wadogo wakaao chini ya majani, ndio wauchukuao kutoka mmea hata mmea. Kwa hiyo ugonjwa una milango miwili: inzi mweupe, na mkono wa mkulima mwenyewe akatapo mashina. Neno hili lihifadhi, nitalirudia.

Walipojua adui, walitafuta askari. Waliagiza mihogo ya nchi nyingi, wakaipanda Amani katikati ya mihogo migonjwa, wakangoja. Karibu yote iliugua. Mingine iliugua kidogo kuliko mingine, na hiyo wakaiweka kando kwa matumizi ya baadaye, lakini hapana mmoja uliosimama imara. Katika kabila zima la muhogo kinga ya kutosha haikuonekana.

Ndipo wakageuka kutazama mti ambao ulikuwa umesimama siku zote mbele ya macho yao. Zamani za Wajerumani, mashamba makubwa ya upande wa Tanga yalipandwa mpira wa Ceará, mti wa Brazil wenye utomvu. Biashara ile ilianguka mwaka 1913, bei ya mpira iliposhuka kwa sababu ya mpira mwingi uliotoka mashamba ya Asia, na miti ikaachwa imesimama bila kazi. Ukiutazama mti huo utaona majani yake yafanana na ya muhogo. Watanzania hata hula majani hayo, wakayaita kisamvu cha mpira. Kufanana huko si kwa bahati. Mpira wa Ceará na muhogo ni watu wa ukoo mmoja, kama binamu wawili, mmoja akalelewa jikoni na mwingine akabaki mwituni. Na yule wa mwituni alikuwa na kinga ya batobato aliyoikosa wa jikoni. Ilibaki kuwaoza.

Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1930, nayo haikuwa kazi ya haraka. Ua la kike la muhogo halina budi kufunikwa kwa kifuko kabla halijafunguka, ili nyuki asitangulie na chavua asiyoitaka bwana wa kazi. Likifunguka huguswa kwa ua la kiume la mti mwingine, hufunikwa tena, na jina la baba na mama huandikwa kwenye kibandiko. Halafu tunda hufungwa ndani ya mfuko, kwa maana likipasuka mbegu zitapotea majanini, na kazi ya miezi itakuwa bure. Vitabu vimehifadhi majina ya Storey na Nichols, na ya Jennings aliyeichukua kazi baada ya Nichols; lakini kituo kile kilikuwa na wafanyakazi wengi wa Kiafrika, na mimi hupenda kuikumbuka mikono hiyo pia, kwa kuwa hapana mche unaofungiwa kifuko na jina la mtu mkubwa peke yake.

Watoto wa kwanza wa ndoa ile waliwavunja watu moyo. Walikuwa na afya, ndiyo, lakini mizizi yao ilikuwa ya miti: migumu, yenye nyuzi, michache. Mtu hawezi kumkaribisha mgeni kwa kuni. Basi iliwapasa kuwarudisha watoto hao kwa upande wa mama, yaani kuwaoza tena na muhogo. Hesabu yake ni rahisi. Mtoto wa kwanza ana nusu ya damu ya mpira. Akiolewa na muhogo, mjukuu ana robo. Mjukuu naye akiolewa na muhogo, kitukuu ana thumni, yaani moja katika nane. Wakirudi mara ya tatu, inabaki sehemu moja katika 16. Lakini hizo ni hesabu za wastani tu. Katika kila hatua kinga yaweza kupotea pamoja na ugumu wa mizizi, kama mtu amwagaye maji ya kuogea pamoja na sabuni. Kwa hiyo katika kila kizazi ilipasa kuotesha miche mingi, kuiweka penye ugonjwa, kung'oa yote iliyougua, kuchimba iliyobaki, kupima mizizi, na kuchagua mmoja au miwili ya kuendelea nayo. Kila kizazi kilitaka mwaka au zaidi. Watu walioanza kazi ile kabla ya vita vya pili vya dunia hawakuona matunda yake mpaka vita vilipokwisha.

Wakati huo huo adui wa pili alijitokeza, naye ni adui wa pwani hasa. Mwaka 1936 Storey aliandika habari za ugonjwa mwingine wa muhogo, ambao haukuwa batobato. Sisi twauita michirizi ya kahawia. Ulikuwa ukionekana katika nchi za chini zilizo karibu na bahari. Katika nchi za juu haukuwa na nguvu. Ubaya wake ni kwamba una siri. Majani hupata manjano kidogo tu, na mmea waweza kusimama mrefu wenye fahari. Lakini mizizi ikipasuliwa, ndani kuna madoa ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa, hayaiviki wala hayaliki. Batobato humwambia mkulima mapema kwamba hana chakula. Michirizi ya kahawia humwacha atumaini mpaka siku ya kuchimba. Mkulima wa Likoni au Kisauni, basi, alihitaji muhogo uwezao kuwashinda maadui wawili kwa pamoja, na ukiwa mtamu isingekuwa vibaya.

Kati ya mimea iliyotoka katika ndoa zile za Amani ulikuwako mmoja ulioandikwa kwa namba 46106/27. Ulistahimili batobato, na ulistahimili michirizi ya kahawia kuliko wenzake wengi. Ulivuka mpaka ukaja pwani ya Kenya, ukapandwa, ukatolewa shina kwa shina mkono kwa mkono; na kwa kuwa mkulima hawezi kwenda kwa jirani akaomba fungu la 46106/27, ukapata jina la Kaleso. Miaka mingi baada ya Amani kuacha kazi hii, Kaleso ulikuwa bado unalimwa pwani yetu, na mizizi yake ilikuwa mizima mahali ambapo mihogo mingine ilikuwa imeoza.

Huenda ukauliza kwa nini basi haukuenea ukamaliza njaa. Jibu liko katika shina. Punje moja ya mahindi yaweza kurudisha mamia ya punje katika msimu mmoja. Shina moja la muhogo hutoa vipande kumi hivi kwa mwaka. Ukianza na mche mmoja uliotoka katika mbegu, mwaka wa kwanza una kumi, wa pili mia, wa tatu elfu moja, wa nne elfu kumi, na hizo elfu kumi, zikipandwa kwa nafasi ya mita moja, hujaza hekta moja tu. Tena shina halivumilii safari. Hukauka, huoza, huchukua nafasi nzima ya lori. Mbegu njema ya nafaka husafiri kwa gunia. Muhogo mwema husafiri begani kwa mtu, kutoka Mtongwe kwa shangazi hadi Mwakirunge kwa mpwa.

Hata hivyo mbegu za kweli, zile za tunda, ni nyepesi, nazo zilisafiri mbali. Kazi ya Amani ilifungwa katika miaka ya 1950, lakini kabla ya hapo mbegu zilipelekwa nchi nyingine za Afrika. Fungu moja lilifika Ibadan, Nigeria, katikati ya miaka hiyo. Mbegu hizo zilitokana na mmea wa Amani ulioitwa 5318/34, na mwaka 1958 ulichaguliwa kati ya miche yake mmoja uliopewa namba 58308. Huo haukuwa na mizizi mingi, lakini kinga yake ya batobato ilikuwa kubwa. Mwaka 1967 iliundwa hapo Ibadan taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, na mwaka 1971 akaja Mkorea mmoja, Sang Ki Hahn, akaikuta 58308, akaioza na mihogo yenye mavuno ya Afrika ya Magharibi na ya Brazil. Katika miaka ya 1970 ikatoka mihogo ya mfano wa TMS 30572, iliyoenea Nigeria kwa kasi. Wakulima wa Ikire walimfurahia Hahn hata wakamvika uchifu wa wakulima, heshima ambayo wataalamu wa Amani hawakuiona.

Sasa angalia jinsi mambo yazungukavyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali, kali kuliko ya zamani, ililipuka Uganda. Watu waliacha kulima muhogo katika wilaya nzima, na njaa ikaingia. Katika miaka ya 1990 iliteremka hata magharibi ya Kenya. Uganda ilipotafuta msaada iliupata Ibadan, na mwaka 1993 ile TMS 30572 ilitolewa kwa wakulima wa Uganda kwa jina la Nase 3. Hivyo damu ya mpira wa Ceará uliosimama Usambara ilikwenda Afrika ya Magharibi kama mbegu, ikakaa huko karibu miaka 40, ikarudi Afrika ya Mashariki kama shina la muhogo, wakati ilipotakiwa kuliko wakati wowote. Lakini ushindi ule haukuwa kamili. Tangu mwaka 2004 michirizi ya kahawia, ambayo zamani ilipenda nchi za chini za pwani, ilionekana ikienea katika nchi za juu za Uganda, na mihogo mingi iliyokuwa imeishinda batobato ilianguka mbele yake. Mwaka 2005 wataalamu walithibitisha kuwa ugonjwa huu nao huchukuliwa na inzi weupe.

Nilisema nitalirudia neno la milango miwili. Mtaalamu aitwaye Bock, aliyefanya kazi Kenya, alishughulika na batobato ya pwani yetu katika miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 1983 yeye na mwenzake Woods walithibitisha virusi viletavyo ugonjwa huo, jambo ambalo lilikuwa likibishaniwa tangu zamani za Wajerumani. Lakini kwa mkulima, naona jambo jingine aliloligundua lilikuwa na faida kubwa zaidi. Alipanda mashina safi katika mashamba ya pwani, akahesabu mimea iliyougua baadaye, akakuta ni michache. Yaani hapa kwetu, wakati ule, inzi mweupe hakuwa mkosaji mkuu. Mkosaji mkuu alikuwa yule apandaye shina lililougua. Ikiwa ndivyo, mtu aweza kufanya mengi bila kungoja mwujiza wa Amani: atembee shambani mwake kabla ya kuvuna, wakati majani yangalipo, atie alama mimea isiyo na mabaka, na akate mashina katika hiyo peke yake. Akingoja mpaka majani yapukutike, mashina yote yatafanana, na atagawa maradhi kwa ukarimu kama kawaida.

Siku hizi kazi ya kuzalisha muhogo wa pwani hufanyika karibu nasi zaidi. Ukiondoka Kisauni kwa njia ya kaskazini, ukapita Bamburi na Shanzu na kuvuka daraja la Mtwapa, huna safari ndefu mpaka kituo cha utafiti wa kilimo. Huko vimetoka vizazi vipya, na safari hii havikuachwa na namba. Vimeitwa Tajirika, Shibe, Karibuni, Karembo, Siri, Nzalauka. Jina la mwisho lasikika vizuri kwa mjuzi wa lugha za Kimijikenda, ambao njaa huiita nzala. Changamwe haina tena nafasi kubwa ya kuipanda mihogo hiyo, kwa sababu ya viwanda, reli na nyumba, na Kisauni nayo kila mwaka yazidi kujaa watu. Lakini bado utaona nyuma ya nyumba mistari mitatu au minne ya muhogo, na mara nyingi mwenye nyumba hajui kama alichopanda ni cha babu yake au cha Mtwapa.

Kujua hivyo kulikuwa vigumu hata kwa wataalamu. Kusini mwa Tanzania kulikuwako muhogo ulioitwa Namikonga, uliosifiwa kwa kustahimili michirizi ya kahawia, na watafiti wa kule waliutumia sana kama mzazi. Watu waliudhani ni muhogo wa kienyeji. Ulipochunguzwa kwa vipimo vya chembe za urithi ulionekana kuwa ni mmea ule ule mmoja na Kaleso wetu: shina lile lile la 46106/27 lililosahauliwa namba huku na kule, likapewa jina moja kusini na jingine kaskazini. Na mwaka 2016 wataalamu walipousoma urithi wa mihogo mingi herufi kwa herufi, waliona ndani ya Namikonga vipande vya urithi wa mpira wa Ceará, vimekaa pale pale tangu ndoa za Amani.

Pamoja na hayo yote, ukimwuliza mpishi wa pwani ni muhogo gani autakao, huenda asikutajie Kaleso wala Shibe. Atataja Kibandameno, muhogo wa zamani wa kwetu, mtamu, laini, uivao upesi, ambao batobato huusumbua na michirizi ya kahawia huuoza. Wakulima wanajua udhaifu wake nao wanaendelea kuupanda, mstari mmoja au miwili, kwa ajili ya nyumbani. Wazalishaji nao wamejifunza kutodharau ulimi wa mlaji, na miche mipya ikichimbwa siku hizi haipimwi kwa mizani peke yake: huchemshwa, hupewa wakulima, nao huonja.